Padri Placide Tempels, Mwalimu Aliyekubali Kufundishwa

Mwalimu mwema huacha watu nyuma yake, si vitabu peke yake. Hapa Kolwezi, katika nchi ya shaba, twataka kumkumbuka mwalimu wa namna hiyo: Padri Placide Tempels, wa shirika la Mtakatifu Fransisko, ambaye wakristo wa kambi walimwita Baba Placide.

Alizaliwa Berlaar, katika nchi ya Ubelgiji, mwaka 1906. Ni mwaka uleule ilipoanzishwa Union Minière, kampuni kubwa iliyochimba shaba ya Katanga. Alipata upadri mwaka 1930, akafundisha kwao kwa muda mfupi, kisha mwaka 1933 akatumwa Kongo. Huku alikaa miaka 29, ila mara mbili tu alirudi Ulaya kwa muda.

Mwanzoni alifanya kama wengi wa wakati ule. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alikuja kama bwana mkubwa: yeye husema, watu husikiliza. Akahubiri, akaamuru, akakemea mila. Watu waliitikia kwa mdomo, lakini mioyo yao ilikuwa mbali. Ndipo alipojiuliza: je, hawa ninaowafundisha ni watu gani? Wanatamani nini katika maisha yao? Basi akaacha kusema kwanza, akaanza kuuliza. Akaketi na Baluba, wazee kwa vijana, akawasikiliza katika lugha yao.

Aliyoyasikia aliyaandika katika kitabu kilichotolewa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, na jina lake kwa Kifaransa ni *La Philosophie bantoue*. Alisema kwamba Mwafrika anayo hekima yake iliyopangika, na kiini chake ni nguvu ya uzima. Mtu hayuko peke yake kama jiwe njiani. Nguvu yake hukua au hupungua kwa kadiri anavyoungana na wazazi, watoto, wahenga na Mungu.

Maneno hayo yaliwachoma wengi. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga hakupendezwa nayo hata kidogo. Lakini mwaka 1949 kitabu kilitolewa tena Paris na Présence Africaine, nyumba ya vitabu ya Waafrika wenyewe. Hata hivyo si Waafrika wote waliosifu. Mwaka 1950 Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alikilaumu vikali: ni rahisi kwa mkoloni kuheshimu mawazo ya mtu mweusi, kuliko kumpa mshahara wa haki, nyumba na chakula. Lawama hiyo ina uzito, nasi watu wa migodi twaifahamu vizuri. Anayesifu roho ya mtu asisahau tumbo lake.

Mwaka 1953 Padri Tempels alikuja Kolwezi. Tuukumbuke mji ulivyokuwa. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeanza kuwaacha wafanyakazi waje na wake zao, ili wasikimbie kazi. Kampuni ilitoa nyumba, posho na shule. Watu walitoka Kasai, Lomami, Lualaba na kwingineko, wakakutana kwa Kiswahili. Lakini katika kitabu cha kampuni mtu alikuwa namba. Mume alifahamu mgodi, mke alifahamu jiko na soko, na kila mmoja alikuwa na mambo yake. Ndugu wa ukoo walikuwa mbali. Kutoka kabila moja hata jingine kulikuwa na mashaka mengi.

Hapo ndipo ilipozaliwa Jamaa. Baba Placide hakuanza na wanaume peke yao, wala wanawake peke yao, bali mume na mke pamoja. Aliwauliza: mnataka nini kuliko vitu vyote? Wakapata mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Kila mtu ataka kuishi kwa ukamilifu. Ataka kuzaa, si kwa mwili tu bali hata kwa roho. Tena ataka kupenda na kupendwa. Kristo, akasema, amekuja kutimiza matamanio hayohayo. Mume na mke wakafunuliana mioyo, na walioyapokea mafundisho wakawafundisha wengine, wakawa baba na mama zao wa kiroho. Hata mapadri waliingia. Padri hana mke wala mtoto wa mwili. Lakini huyu alipata watoto wengi, na yeye mwenyewe alikiri kwamba wao pia walimzaa.

Ukifikiri sana, utaona jambo kubwa. Mtu aliyekuwa namba mgodini, jioni aliitwa baba. Mwanamke ambaye hakuulizwa neno, alifundisha. Mluba wa Kasai na mtu wa Katanga wakaitana ndugu. Mshahara haukuongezeka kwa hayo, ni kweli. Lakini nyumba nyingi zilipata kuwa nyumba za kikristo.

Jamaa ilienea Katanga na Kasai. Matatizo nayo yalikuja. Wako waliopotoka, wakaitwa Katete, na maaskofu wakaonya kwa haki, maana moto usiolindwa huunguza nyumba. Padri Tempels aliondoka mwezi wa Aprili 1962, akaishi katika konventi ya Hasselt, Ubelgiji, mpaka alipofariki mwaka 1977.

Tangu hapo mengi yamegeuka. Mali ya Union Minière katika Kongo ilichukuliwa na Serikali mwaka 1967. Jimbo la Kolwezi lilianzishwa mwaka 1971. Mwaka 2015 Kolwezi ukawa mji mkuu wa mkoa wa Lualaba, na leo dunia yote yatafuta kobalti yake. Wageni huja wakiuliza: chini ya ardhi yenu mna nini? Padri Tempels aliuliza jambo jingine: ninyi ni nani, na mnatamani nini?

Basi sisi walimu, wakatekista na wazazi, tulishike swali hilo. Tukiingia darasani, au tukiketi mezani na watoto wetu, tuulize kwanza, tusikilize, kisha tufundishe. Na Bwana ampumzishe Baba Placide kwa amani.