Kua, Mji wa Mafia Ulioangamia kwa Visasi na Uvamizi

Inakaribia kutimia miaka 200 tangu Wasakalava wa Madagaska wauvamie mji wa Kua, katika miaka ya 1820, na kuuacha mahame. Kumbukumbu hiyo ni ya Mkoa wa Pwani mzima, kwa kuwa Kua iko katika kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, ndani ya mkoa huo ambao makao makuu yake yako Kibaha. Hata hivyo, mtoto wa Kibaha au Kisarawe anaweza kuisoma Kilwa mpaka akamaliza shule bila kuisikia Kua.

Kufika huko kunataka kujua maji. Mashua huondoka Utende, katika kisiwa kikuu cha Mafia, hupita karibu na kisiwa cha Chole, kisha huingia kwenye mikoko ya Juani maji yakiwa yamejaa. Yakianza kupwa, nahodha huwahimiza abiria warudi chomboni. Ukishuka nchi kavu unakuta jumba la mtawala lililokuwa la ghorofa, misikiti na makaburi, vyote vya mawe ya matumbawe na chokaa. Mji huu ulishamiri hasa karne ya 18.

Mpinzani wake alikuwa Kisimani, ng'ambo ya magharibi ya kisiwa kikuu. Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, na siku ya kulishua wakawaalika watu wa Kua. Wageni walipokuwa shereheni, watoto wao walikamatwa, wakalazwa mchangani, na chombo kikasukumwa juu yao mpaka majini. Watu wa Kua hawakujibu siku ile. Walinyamaza miaka saba au minane, kisha wakapeleka mwaliko wa harusi. Karamu iliandaliwa katika chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji walitoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu akiwaongelesha wageni, huku wenzake wakiuziba mlango kwa mawe. Mzee yule alikubali kufa pamoja nao. Kisha Kisimani wakaletewa habari kwamba deni limelipwa.

Simulizi inasema haukupita muda mrefu Wasakalava wakatokea, yasemekana kwa mitumbwi 80. Waliua, wakateka watu na kuwapeleka utumwani. Wazee wengi huuona uvamizi huo kuwa adhabu ya Mungu kwa karamu ile. Mimi naona vilevile kwamba miji miwili iliyoshindwa kuaminiana haikuwa na namna ya kukabili adui mmoja.

Baada ya hapo Chole ikawa mji mkuu wa Mafia. Wajerumani walipewa Mafia mwaka 1890, wakahamishia ofisi zao Kilindoni, katika kisiwa kikuu, mwaka 1913, na Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915. Kisimani nayo, alikochimba mwanaakiolojia Neville Chittick, imeliwa na bahari kwa sehemu kubwa.

Mwaka 1995 Mafia ilipata hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, na wageni wanakuja kwa matumbawe na papa potwe. Ni jambo la fahari. Lakini kuta za Kua zinapasuliwa na mizizi, na ukuta ukianguka ni vigumu kuurudisha.

Viongozi wa elimu na utamaduni mkoani wasingoje maadhimisho ya miaka 200 yapite kimya. Wawapeleke wanafunzi wa Kibaha na Kisarawe Juani, na mafundi wa chokaa watangulie kabla ya masika yajayo.