Kwa Nini Chipsi Hushinda Ulezi Nyumbani Kwetu Kampala

Nchini Tanzania na Kenya mtu akitaja posho, wengi hufikiria mgawo wa chakula au malipo ya safari ya kikazi. Kwetu Uganda posho ni chakula chenyewe: ni ugali wa mahindi, ule unaoliwa na maharage shuleni, kambini na gerezani. Tofauti hiyo imebeba historia. Unga wa mahindi ulienea kwetu kama mgawo wa watu ambao hawakuulizwa wanapenda nini: wapagazi, askari, vibarua wa mashamba na wafungwa. Jina la mgawo likawa jina la chakula. Hadi leo, katika nyumba nyingi za Kampala, mgeni ukimwandalia posho ataila kwa adabu, lakini atajua kwamba hukumtarajia.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu nataka kueleza jambo ambalo vijitabu vya afya huliruka. Vinatushauri tupunguze sukari, mafuta na unga mweupe, turudi kwenye vyakula vya asili. Ushauri ni sahihi. Baba yangu ana kisukari kwa mwaka wa nne sasa, na daktari alimwambia maneno hayohayo. Hata hivyo, Ijumaa jioni baba hurudi na chipsi na kuku wa kukaanga ndani ya mfuko, pamoja na chupa kubwa ya soda, na wadogo zangu humpokea kwa shangwe tangu getini. Uji wa ulezi nilioupika hubaki sufuriani. Mimi siuoni huo kuwa ujinga. Mtu anapokula hushiba chakula na hushiba heshima pia, na heshima ya chakula haikutoka shambani, ilitengenezwa na matukio.

Hoja ya "asili" yenyewe ni dhaifu. Ndizi za matooke, ambazo Uganda inajulikana kwazo, mizizi yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Mahindi, muhogo, maharage, karanga na viazi vitamu vilitoka bara la Amerika, vikaja kwetu baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Kilicho cha hapa hasa ni nafaka kama ulezi na mtama. Kwa hiyo anayetaka kumshinda mama yangu kwa kusema "chapati ni ya kigeni" ajue kwamba ataulizwa habari za maharage.

Ni kweli chapati ilikuja na Wahindi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, lakini wafanyabiashara Wahindi walienea hadi miji midogo ya Uganda, na ngano ikaenea pamoja nao. Kwa familia nyingi chapati ilikuwa chakula cha Krismasi. Leo huviringishwa na mayai ya kukaanga, huitwa rolex, na huuzwa kando ya barabara asubuhi hadi usiku. Wengi husema ilianzia Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, kwa wanafunzi wenye njaa na haraka. Chakula cha sikukuu kimekuwa cha kila siku, na hakuna aliyekusudia kuharibu afya yake. Alitaka tu Krismasi ije mara nyingi zaidi.

Sukari ina kisa kizito zaidi. Mwaka 1924 Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi, na mwaka 1930 Muljibhai Madhvani akaanzisha cha Kakira, karibu na Jinja. Chai ya maziwa yenye sukari ikawa alama ya nyumba yenye mshahara. Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Katika miaka iliyofuata uzalishaji wa viwanda hivyo uliporomoka, na sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa bidhaa za magendo. Mama alizaliwa mwaka 1973. Utoto wake wote ni foleni. Anakumbuka kijiko kimoja cha sukari kikigawanywa kwenye vikombe vya watoto watatu, na anakumbuka ni nani kati yao aliyelia. Siku moja niliposogeza bakuli la sukari mbali na baba, aliniambia: "Mwanangu, sisi tulinyimwa sukari na serikali. Sasa ninyimwe tena na mtoto niliyemzaa?"

Swali hilo halijibiwi kwa takwimu za kalori. Bakuli lile likiwa katikati ya meza, kwa mama linasema kwamba siku mbaya zimepita.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba sayansi inayosifu chakula cha bibi yangu ilizaliwa hapahapa Kampala. Denis Burkitt, daktari mpasuaji, alikuja Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo ina jina lake. Mwenzake, Hugh Trowell, naye wa Mulago, alichapisha mwaka 1956 pamoja na daktari mwingine habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja! Ugonjwa huo ulikuwa nadra kiasi kwamba mtu mmoja alistahili makala. Baadaye, wakiwa Uingereza, wawili hao walitetea wazo kwamba nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga huukinga mwili, na mwaka 1975 wakahariri kitabu kizima kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yake. Burkitt hakuona haya kupima kinyesi. Katika makala aliyochapisha na wenzake mwaka 1972, chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa saa 36 hivi, na kinyesi chao cha siku kilizidi gramu 400. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, safari hiyo ilichukua zaidi ya siku 3, na mzigo ulikuwa gramu 100 na kidogo. Nilipomsomea bibi habari hizo kwa simu, alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama Wazungu walilipwa kwa kazi hiyo.

Lakini lazima tuwe waaminifu. Trowell huyohuyo alitumia miaka mingi akichunguza kwashiorkor, na mwaka 1954 akatoa kitabu kuhusu ugonjwa huo pamoja na wenzake wawili. Watoto walioachishwa ziwa na kulishwa hasa matooke walivimba miguu na kufa Mulago, kwa kukosa protini. Mama anapodai mayai, nyama na maziwa, ana historia upande wake. Anayesema mababu zetu walikula vizuri kila siku hajaingia katika wodi zile.

Bibi anaishi Mbarara. Katika Ankole, ulezi haukuwa chakula cha mgonjwa wala cha maskini. Mtu aliweza kula ndizi na viazi, lakini bila karo, yaani ugali wa ulezi, alisema bado hajala. Kwenye sherehe ya kumwaga bibi harusi, karo huletwa pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli, na baba yangu, huyuhuyu wa chipsi, hunyoosha mkono wa kwanza. Basi heshima ya ulezi ipo tayari, haihitaji kuundwa na Wizara ya Afya.

Kwa sababu hiyo ulezi nyumbani siuleti kama dawa. Naupika Jumapili wageni wakiwepo, katika chombo cha ukindu alichotuma bibi, na maharage, dodo na samaki, na namwomba baba aukate kama mkubwa wa nyumba. Huukata. Chipsi za Ijumaa bado zinakuja, ila soda sasa ni ya watoto, na baba huweka kijiko kimoja kwenye chai badala ya vitatu. Bakuli la sukari liko palepale katikati ya meza. Sijaliondoa.