Chandarua katika Bonde la Kilombero

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu ambacho karibu kila mmoja wenu amekiona, nacho ni chandarua. Labda mtu atauliza, Je, chandarua nacho kina historia? Twajibu kwamba kinayo, tena historia yake katika Ifakara na bonde zima la Kilombero yafaa sana kujulikana. Yatufundisha namna ya kupima kila kitu kipya kiletwacho madukani: tusikipime kwa uzuri wake, wala kwa sifa asemazo mwuzaji, bali kwa haja ya mtu atakayekitumia. Wahenga walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi na tukitazame kitanda cha mtu wa Kilombero.

Bonde hili limelala kati ya milima ya Udzungwa na nchi ya juu ya Mahenge. Mvua kubwa zikinyesha, mto hufurika na maji hutanda juu ya mbuga pana. Baraka ya maji hayo ni mpunga, ambao Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na wengine wengi huulima huko. Msiba wake ni mbu. Tena mashamba mengi yako mbali na vijiji. Wakati wa kilimo jamaa huhama na watoto wao, wakakaa miezi kadha wa kadha katika vibanda vya shambani, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Kibanda hicho mara nyingi hakina mlango wala ukuta ulio mzima, na mbu huingia apendavyo.

Kwamba mbu ndiye achukuaye malaria, jambo hilo lilithibitika mwaka 1897, Ronald Ross alipoviona vijidudu vya homa hiyo ndani ya mbu huko Bara Hindi, na mwaka uliofuata wataalamu wa Italia walionyesha kwamba ni mbu wa namna ya Anopheles. Hata Ifakara elimu hiyo ilipata makao. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu kutoka Uswisi, alianzisha hapo nyumba ya uchunguzi wa maradhi ya nchi za joto. Nyumba hiyo ilikua na kubadili jina mara kadha, nayo leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara.

Chandarua chenyewe si kitu kigeni. Wenye uwezo walikitumia tangu zamani. Lakini chandarua kitupu kina udhaifu: kikitoboka, mbu hupita, na mguu ukikigusa usiku, mbu humwuma mtu kupitia tunduni. Katika miaka ya 1980 wataalamu walianza kukichovya katika dawa iuayo wadudu, hata mbu akitua juu yake hufa au hukimbia. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, jambo hili lilijaribiwa katika miaka ya 1990, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa theluthi moja. Hiyo ilikuwa habari njema kupita kiasi.

Lakini fikirini. Katika jaribio kama lile la Kilifi watu walipewa vyandarua bure, na wenye kazi walihakikisha vinachovywa tena kwa wakati wake. Swali likabaki: je, kitu hicho kitafaa katika maisha ya kila siku, ambapo mtu hana budi kukinunua dukani kwa fedha yake, kukifunga mwenyewe, kukifua mwenyewe, na kukumbuka dawa yake mwenyewe? Swali hilo ndilo lililojibiwa katika bonde la Kilombero. Kuanzia mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua na dawa yake viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Wauzaji walikuwa watu wa hapo hapo: wenye maduka, viongozi wa vijiji na watumishi wa zahanati.

Kabla ya kuuza, wenye kazi hiyo walikwenda kwanza kuuliza na kusikiliza. Walitambua mambo mawili makubwa. La kwanza, wengi walitaka chandarua kwa sababu ya kelele na maumivu ya mbu; walitaka usingizi. La pili, watu walijua kwamba mbu huleta homa, lakini degedege imshikayo mtoto waliihesabu kuwa maradhi mengine kabisa, ya kupelekwa kwa mganga. Basi mama aliyeogopa degedege kuliko kitu chochote hakuona kwamba chandarua chaweza kumkinga mwanawe nayo. Ilipasa kwanza kumweleza, kwa maneno yake mwenyewe na bila kumdharau, kwamba degedege mara nyingi ni tawi la mti ule ule wa malaria. Hapo ndipo kitu cha dukani kilipokutana na haja kubwa ya nyumbani.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Katika vijiji vilivyochunguzwa, watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa mwanzoni hawakufika asilimia 10. Baada ya miaka 3 walipita asilimia 50. Na watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliotumia vyandarua hivyo, kuokoka kwao kulizidi kwa asilimia 27. Nyuma ya hesabu hiyo wako watoto waliokua wakaenda shule, ambao bila chandarua wangalizikwa wachanga.

Hata hivyo hatutaki kuwasimulia mazuri peke yake. Dawa ile ilikuwa na kasoro: ilidumu miezi michache tu, na kila kufua kuliipunguza. Chandarua huchafuka upesi katika nyumba yenye moshi na vumbi, na mwenye nyumba safi hupenda kukifua. Baadaye humpasa kununua dawa tena, kupima maji, kuchovya na kuanika. Wengi hawakufanya hivyo. Tusiwaite wavivu. Aliyenunua chandarua ili apate usingizi aliendelea kupata usingizi hata dawa ilipokwisha, kwa maana kitambaa kilikuwapo. Upungufu wa dawa hauonekani kwa macho. Kosa lilikuwa katika kitu chenyewe, kilichomdai mtu kazi ambayo maisha yake hayakuikumbusha. Dawa ya kasoro hiyo haikuwa kuwakemea watu, bali kukibadili kitu. Vikatengenezwa vyandarua vitiwavyo dawa kiwandani, idumuyo hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Navyo vilishonwa hata hapa nchini, Arusha.

Kasoro ya pili ilikuwa bei. Chandarua cha Zuia Mbu kiliuzwa kwa shilingi 3,000 hivi. Mkulima wa mpunga hupata fedha baada ya mavuno, na mbu huzidi wakati wa mvua, mfuko ulipo mtupu. Fedha na mbu havikutani msimu mmoja. Kwa sababu hiyo kina mama waja wazito na wenye watoto wadogo walipewa kliniki hati ya kupunguziwa bei. Umaskini haukushindwa wote, lakini ulisogezwa: ilipofika mwaka 2000 hata katika nyumba zilizo maskini kabisa, zaidi ya nusu zilikuwa na chandarua, ingawa zile zenye nafasi zilikuwa bado zimetangulia. Jambo hili lilisaidia kuleta Hati Punguzo ya nchi nzima mwaka 2004. Na kati ya mwaka 2009 na 2011 serikali iligawa bure mamilioni ya vyandarua.

Kasoro ya tatu ingaliko hata leo. Chandarua humkinga aliyelala tu. Mama apikaye uani jioni, vijana wazungumzao barazani, watu wakeshao matangani, hao hakiwafai. Na jamaa wenye chandarua kimoja, wakihamia shambani, je, wakiache kwa bibi aliyebaki kijijini, au wakichukue kwa ajili ya mtoto alalaye kibandani? Tena mbu nao hawakukaa kimya. Wengine wamezoea dawa zile hata hawafi upesi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika bonde hili zaidi ya asilimia 80 ya kuumwa kwenye vijidudu vya malaria kulitokana na mbu wa namna moja tu, Anopheles funestus. Kwa hiyo wataalamu wa Ifakara wamejaribu vitu vingine vilivyo karibu na maisha ya watu, kama vile kandambili zilizotiwa dawa ya kufukuza mbu, na tepe za nguo ya katani zifungwazo chini ya mapaa. Navyo vitapimwa kwa kipimo kile kile.

Kipimo chenyewe ni kipi? Mtu akikuletea kitu kipya, kiwe chandarua, taa, jiko au chombo kingine chochote, muulize maneno haya. Je, chaondoa taabu niliyo nayo, au taabu uliyoniwazia wewe? Je, naweza kukinunua wakati ninapokihitaji? Kikichakaa au kikichafuka, nitakitengeneza kwa nini? Nikihama kwenda shambani, chaweza kwenda nami? Asipoweza kujibu, mrudishe akafikiri tena. Na akijibu vema, usikikatae kitu kwa kuwa ni kigeni tu.

Nasi tulio na chandarua nyumbani tusisahau wajibu wetu. Kikipasuka tukishone, na jua likitua tukishushe mapema. Na ikiwa ni kimoja tu nyumbani, basi alale humo mtoto mdogo pamoja na mama yake.