Malisho Yasiyoonekana ya Bahari ya Peru

Kila mchungaji ajua ya kuwa ng'ombe hufuata majani, na majani hufuata mvua. Baharini nako mambo ni yayo hayo, ila malisho yake hayaonekani kwa macho. Ni mimea midogo mno ielesayo majini. Mwaka wa 1887 Mjerumani mmoja, Victor Hensen, aliviita viumbe vyote vichukuliwavyo hivyo na maji kwa jina la planktoni. Na vile vilivyo mimea huitwa fitoplanktoni. Malisho hayo hayakuenea sawasawa. Leo twataka kueleza jinsi watu wa Peru, katika Amerika ya Kusini, walivyofundishwa jambo hili kwa hasara kubwa.

Nchi ya Peru yapakana na Bahari ya Pasifiki. Ijapokuwa i karibu na ikweta, maji ya pwani yake ni ya baridi. Alexander von Humboldt aliyapima mwaka wa 1802 akastaajabu. Sababu yake ni hii: upepo wa kusini huvuma ukiambaa pwani, na kwa ajili ya kuzunguka kwa dunia maji ya juu husukumwa kwenda mbali na nchi kavu. Mahali pake hupanda maji ya chini, yaliyo baridi na yenye mbolea nyingi. Mbolea hiyo ikutanapo na mwanga wa jua, mimea huzaana upesi.

Kwa hiyo karibu na pwani bahari ni ya kijani, na mbali ni ya buluu. Tena hata pwani yenyewe si sawa kila mahali. Upande wa Chimbote, uwanda ulio chini ya maji ni mpana, na matope yake hutoa chuma, ambacho mimea hukihitaji kwa kiasi kidogo. Uwanda ukiwa mwembamba, chuma huweza kupungua, na mimea hukawia kukua ijapokuwa mbolea nyingine ipo. Majira nayo yana neno lake. Wakati wa baridi upepo ni mkali zaidi, walakini jua ni hafifu, na maji huvurugwa hata mimea ikashushwa gizani. Basi neema kubwa huja majira ya joto, wala si wakati upepo uvumapo kwa nguvu kupita zote.

Samaki wadogo wa jamii ya dagaa, waitwao anchoveta, hula mimea hiyo pamoja na vidudu viishivyo kwayo. Ndege wa baharini hula anchoveta. Na kwa kuwa mvua ni haba sana huko, kinyesi chao kilirundikana visiwani kama vilima. Hiyo ndiyo mbolea ya guano. Garcilaso de la Vega aliandika mwaka wa 1609 ya kuwa wafalme wa Inka walikataza, kwa adhabu ya kifo, kuwaua ndege hao. Lakini tangu miaka ya 1840 hata karibu na mwaka wa 1880, zaidi ya tani milioni 10 za guano zilipakiwa merikebuni. Wachimbaji wengi walikuwa Wachina waliofungwa kwa mikataba ya kikatili. Akiba ya karne nyingi ikaisha katika maisha ya mtu mmoja.

Baada ya mwaka wa 1950 watu waliwageukia samaki wenyewe, wakiwasaga kuwa unga wa kulishia kuku na nguruwe wa nchi za mbali. Mwaka wa 1970 Peru ilivua tani zaidi ya milioni 12, ikawa ya kwanza duniani. Kisha mwaka wa 1972 ikaja El Niño, maana yake Mtoto, jina walilolitoa wavuvi kwa kumkumbuka Mtoto Yesu, kwa kuwa joto hilo la bahari huonekana karibu na Noeli. Maji ya moto yalitanda tabaka nene. Upepo uliweza kuvuma bado, lakini maji yaliyopanda yalikuwa hayana mbolea. Malisho yakapungua, samaki wakapungua, na ndege wakafa kwa njaa. Mwaka wa 1973 wavuvi hawakupata hata tani milioni 3, na watu wengi wakapoteza kazi.

Tusiilaumu bahari peke yake. El Niño ilikuwa imekuja mara nyingi tangu kale, na samaki waliosalia wakazaana tena. Safari hii nyavu zilikuwa zimekwisha wapunguza mno, hata wakachukua miaka mingi kurudi. Peru ilikuwa na taasisi ya kuchunguza bahari tangu mwaka wa 1964, lakini tamaa ilipita maarifa. Siku hizi vipimo husikilizwa zaidi: mwaka wa 2023 bahari ilipopata joto tena, na samaki wachanga wakaonekana kuwa wengi mno, serikali iliufuta msimu wa kwanza wa uvuvi katika sehemu ya kaskazini na ya kati, ijapokuwa hasara ilikuwa kubwa.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya bahari nayo yataka daftari, na ukurasa wake wa kwanza ni ile mimea tusiyoiona.