Mtu Mmoja, Kijiji Kimoja, Miaka 29

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: 1 Wakorintho 3:5-9)

Kama unayo Biblia karibu, fungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 3, kuanzia mstari wa 5 hadi wa 9. Hapo Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba yeye alikuwa mpandaji tu, na Apolo alikuwa mtia maji tu, lakini aliyeiotesha mbegu ni Mungu mwenyewe.

Leo nataka tulitazame swali moja ambalo wengi wetu tunalo moyoni ingawa hatulisemi kwa sauti. Swali lenyewe ni hili: Je, kazi yangu ina maana gani ikiwa sioni matunda yake? Mama amemwombea mwanawe miaka kumi, na kijana bado anarudi nyumbani usiku akiwa amelewa. Mwalimu wa Shule ya Jumapili amefundisha tangu ujana wake, na darasa lake halijapita watoto wanane. Karani anakataa kupokea hongo, na wenzake wanamcheka kwa kuwa bado anakaa katika chumba cha kupanga. Watu kama hawa huamka siku moja wakajiuliza kama hawakupoteza wakati wao bure.

Ili tulijibu swali hili, natusafiri pamoja mpaka pwani yetu, tupande kile kilima cha Rabai nyuma ya Mombasa, tuone mambo yaliyotendeka huko zaidi ya miaka mia moja na sabini iliyopita.

Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Jina lake Johann Ludwig Krapf. Hakuwa amekaa miezi mingi alipompoteza mkewe Rosine kwa homa, mwezi wa Julai mwaka ule ule, na mtoto wao mchanga akamfuata mama yake baada ya siku chache. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf hakurudi kwao. Aliendelea kujifunza Kiswahili na kuandika maneno yake, moja baada ya jingine.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1846, akaja kijana mwenzake kumsaidia, Johannes Rebmann, mwenye umri wa miaka 26. Wazee wa Rabai walikubali wageni hawa wakae kwao. Basi tarehe 25 Agosti mwaka ule walihamia kilimani. Usidhani walipanda kwa shangwe na vigelegele. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, nao walikuwa na punda mmoja, ikabidi wapokezane kumpanda. Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ya misheni katika bara la Kenya: wagonjwa wawili na punda mmoja.

Tukimsoma Krapf tunaona mtu wa mipango mikubwa. Yeye aliota ndoto ya vituo vya Injili vilivyofuatana kama mnyororo kutoka Mombasa mpaka bahari ya magharibi. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimu kuondoka. Rebmann akabaki. Na leo, msikilizaji, nataka tumwangalie huyu aliyebaki.

Katika ujana wake Rebmann naye alisafiri. Mwaka 1848 alikwenda mpaka Uchaga, katika nchi iitwayo leo Tanzania, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara kutoka Mombasa. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima mkubwa. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani, naye akamjibu kwamba ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari hii ilipochapishwa Ulaya, mtaalamu mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, aliikanusha kabisa. Alisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya Baron von der Decken, aliyeupanda mlima huo mwaka 1861 na tena mwaka 1862, kuthibitisha maneno ya yule kijana. Miaka yote hiyo Rebmann aliitwa mtu wa kudanganywa na macho yake. Hata hivyo hakuyatumia maisha yake kugombana na wakosoaji. Alikuwa na kazi nyingine.

Safari yake ya tatu, mwaka 1849, ilimvunja moyo. Alikusudia kupita Uchaga aende mbali zaidi, lakini mtawala wa Machame alimtoza zawadi mpaka bidhaa zake zote zikaisha. Alirudi Rabai mikono mitupu. Tangu hapo hakufanya tena safari kama zile. Alikaa.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la Rebmann lilikuwa kalamu. Siku baada ya siku aliketi na watu akauliza: hiki mnakiitaje? Alikusanya maneno ya Kirabai na ya Kiswahili. Alipomkuta Mombasa mtumwa mmoja aitwaye Salimini, aliyetekwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa, aliketi naye akayaandika maneno ya lugha ya kwao pia. Tafakari jambo hilo. Katika soko, mtu kama Salimini alihesabiwa kwa bei yake. Katika chumba cha Rebmann alikuwa mwalimu. Kamusi iliyotoka katika mazungumzo yale ilichapwa mwaka 1877.

Na waumini je? Hapa ndipo penye jaribu. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai hakuwa mzee wa kaya wala tajiri mwenye ng'ombe. Alikuwa kilema, jina lake Mringe. Alibatizwa mwaka 1851 akiwa kitandani karibu na kufa, na baada ya muda mfupi akafa. Hebu fikiri: miaka mitano kamili ya kazi, na tunda la kwanza linaingia kaburini! Lakini Mringe hakuiweka imani yake kwapani. Alikuwa ameizungumza na Mrabai mwenzake, Abe Gunja, naye huyo akawa mtu wa pili. Ndugu yangu, mhubiri wa kwanza wa Kirabai alikuwa mtu asiyeweza kutembea.

Baada ya hayo miaka ilipita polepole. Mwaka 1851 Rebmann alimwoa Emma. Mtoto wao wa pekee alikufa akiwa mchanga. Mashambulio ya Wamaasai yalipowatawanya watu wa Rabai, mnamo miaka ya mwisho ya 1850, alikimbilia Zanzibar. Mambo yalipotulia akarudi pale pale. Mwaka 1866 Emma naye akafariki. Kisha macho ya Rebmann yakaanza kufifia, yale macho yaliyoona theluji ya Kilimanjaro, mpaka akawa kipofu. Katika muda huo wote hakurudi Ulaya hata mara moja.

Mwishoni mwa mwaka 1874 walifika wamisionari wapya wakiongozwa na William Salter Price. Walimkuta mzee kipofu katika nyumba yake, na pamoja naye kikundi cha waumini ambao hawakufika ishirini. Mwaka 1875 aliondoka, akiongozwa kwa mkono na kijana Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa waumini wale wachache. Alikufa Ujerumani mwezi wa Oktoba mwaka 1876. Miaka 29, na watu wasiofika ishirini. Kama angekuwa mfanyabiashara, tungesema duka limefilisika.

Lakini tusifunge daftari upesi hivyo. Wakati Rebmann angali hai, mwaka 1864, walikuwa wamefika Rabai Waafrika waliookolewa utumwani na kulelewa India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Mwaka 1875 kijiji cha Freretown kilianzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru. Hata leo mahali penye kengele yao panaitwa Kengeleni. Mwaka 1885 Jones na Semler walitiwa mikono na Askofu Hannington, wakawa mashemasi.

Jones alikuwa kiongozi pale pale Rabai. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakisikia kwamba kilimani kuna watu wanaomwita mtumwa ndugu, nao walikimbilia huko usiku, mmoja mmoja na wengine na watoto mgongoni. Mabwana zao waliwadai kwa vitisho. Kuwapokea kulikuwa hatari kwa kijiji kizima, na kuwarudisha kulikuwa ni kuwapeleka tena kwenye minyororo. Jones alijua minyororo ni nini, maana yeye mwenyewe alikuwa ameivaa. Shauri hilo lilikwisha tarehe 1 Januari 1889, wakati George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alipowalipa mabwana fidia. Siku hiyo, huko Rabai, zilitolewa hati za uhuru. Watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni, wengi wao pale kilimani, wakawa watu huru.

Rebmann hakuiona siku ile. Hata angalikuwa hai, macho yake yasingaliiona. Lakini ingekuwako Rabai gani ya kukimbilia, kama yule mtu angefunga mizigo yake baada ya mwaka wa kumi, au wa ishirini?

Msikilizaji mpendwa, tujifunze nini basi?

Kwanza, Mungu hutudai uaminifu. Mavuno ni kazi yake. Soma mlango unaofuata katika waraka ule ule, 1 Wakorintho 4:2, uone kitu kinachotafutwa kwa wakili. Mkulima anaweza kulima, kupanda na kupalilia. Hawezi kuinyeshea mvua nchi nzima. Anayejihukumu kwa sababu ya mvua anachukua mzigo usio wake, na huo ndio unaowachosha wengi.

Pili, kusudi la maisha halikai mbali na kazi za kila siku. Wengi wanangojea Mungu awaite kwa jambo kubwa, na huku wanalipuuza lile lililo mkononi. Rebmann alikuwa na kazi ya kuuliza jina la kitu na kuliandika sawasawa. Wewe pengine una mtoto wa kuvalisha, hesabu za ushirika za kuandika bila kuiba, au mgonjwa jirani wa kupelekea uji. Huo ndio mwito wako wa asubuhi hii.

Tatu, usimdharau mtu ambaye Mungu amemweka mbele yako. Kilema, mtumwa na kijana wa kumshika kipofu mkono ndio waliokuwa nguzo za historia hii. Tena tusiisimulie kana kwamba ni ya mgeni peke yake. Pasipo wazee waliokubali, pasipo Mringe aliyesema, pasipo Jones aliyefungua mlango, kazi ya Rebmann ingekufa pamoja naye. Mungu haweki kazi yake yote mkononi mwa mtu mmoja.

Sisemi kwamba kila anayevumilia ataona matokeo, au kwamba wajukuu wake watayaona. Huenda mwana yule unayemwombea akakawia sana. Huenda karani yule akastaafu bado akiwa katika chumba cha kupanga. Lakini soma Wagalatia 6:9, utaona kwamba mavuno yana wakati wake, na wakati huo haukukabidhiwa sisi. Tulilokabidhiwa ni kutozimia moyo leo. Kesho tutaambiwa tena.

Ukipata nafasi ya kwenda pwani, panda mpaka Rabai. Pale misheni ilipoanzia pana makumbusho, nalo kanisa lililojengwa mwaka 1887 lingali limesimama. Simama hapo kidogo ukumbuke miaka 29 ya mtu aliyekaa. Halafu urudi nyumbani, ukaendelee na yako.

Tuombe. Ee Baba, wewe wajua jinsi tulivyo wepesi wa kuchoka. Utupe leo nguvu za leo. Utufundishe kupanda bila kuhesabu, na kutia maji bila kunung'unika. Wale waliokata tamaa asubuhi hii uwashike mkono, kama kijana yule alivyomshika mzee wake njiani. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.