Mbwa Aliyestaafu Mbio

Tarehe 24 Julai, 1926, katika kiwanja cha Belle Vue, mjini Manchester, Waingereza walitazama kwa mara ya kwanza mbwa waitwao grehaundi wakizunguka uwanja, wakimfukuza sungura wa bandia aliyeendeshwa kwa umeme. Mchezo ulienea upesi. Mick the Miller, mshindi wa Derby ya mbwa hao mwaka 1929 na 1930, alisifiwa kama mfalme. Mwili wake umehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho la Tring. Lakini maelfu ya wenziwe, miguu ilipochoka, hawakupata jumba wala jamvi, wengi waliuawa. Mwaka 1975 kikaundwa chama cha kuwatafutia makao.

Basi jamaa itakayo kumpokea mmoja na ipime historia hii. Mnyama huyu amelelewa bandani: ngazi na vioo vya nyumba ni vitu vigeni kwake, na paka humkumbusha sungura. Ngozi yake nyembamba haistahimili baridi. Hata hivyo ni mpole, na hulala sehemu kubwa ya mchana. Hiari ni ya wenye nyumba. Ila wasimchukue kwa huruma ya siku moja. Aliyekwisha tupwa mara moja hastahili kutupwa tena.