Salon na Waliokataliwa: Uchoraji wa Ufaransa kutoka Courbet hadi Cézanne

Salon ya Paris yalikuwa maonyesho ya serikali, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mchoraji wa Ufaransa hakuwa na mahali pengine pa maana pa kujulikana. Jopo la waamuzi, wengi wao wakiwa watu wa Akademia ya Sanaa, ndilo lililoamua picha ipi itundikwe na ipi irudishwe kwa mwenyewe. Picha iliyorudishwa ilipata mnunuzi kwa shida. Akademia ilikuwa pia imezipanga picha kwa madaraja. Juu kabisa zilikaa zile za historia, Biblia na visa vya miungu ya Kigiriki na Kirumi, zikifuatwa na picha za watu mashuhuri, kisha maisha ya kawaida, mandhari, na mwisho kabisa matunda na vyombo vya mezani. Turubai kubwa lilikuwa haki ya daraja la juu, na rangi ilipaswa kulainishwa hata alama ya brashi isionekane. Mageuzi yaliyofuata husimuliwa zaidi kama habari ya rangi na mwanga. Lakini wachoraji hao walipigania pia haki ya kuonyesha na kuuza kazi zao bila idhini ya jopo hilo, na bila kulielewa pambano hilo mengi ya waliyoyafanya hayaeleweki.

Wa kwanza kulitikisa jopo alikuwa Gustave Courbet, aliyezaliwa 1819 katika mji mdogo wa Ornans, mashariki mwa Ufaransa. Medali aliyoipata 1849, mwaka mmoja baada ya mapinduzi yaliyouondoa ufalme, ilimwezesha kuingiza picha Salon bila kupitia kwa waamuzi, naye aliitumia nafasi hiyo kikamilifu. Katika Salon ya 1850–51 alileta “Mazishi huko Ornans”, turubai lenye kimo cha zaidi ya mita 3 na upana wa zaidi ya mita 6. Humo wamesimama watu wa kijijini kwao, wakubwa kama walivyo, wakimzika mtu asiye na cheo. Hakuna malaika wala shujaa, na shimo la kaburi liko mbele kabisa, miguuni pa mtazamaji. Kilichowaudhi wengi ni kwamba watu wa kawaida walikuwa wamepewa ukubwa uliozoeleka kuwa wa wafalme. Pamoja nayo ilionyeshwa “Wapasua Mawe”, picha ya mzee na kijana wakiponda mawe ya barabara, nyuso zao zimegeuzwa na nguo zao zimechanika. Picha hiyo iliteketea mwaka 1945, wakati wa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia karibu na Dresden.

Mwaka 1855, waamuzi wa Maonyesho ya Dunia ya Paris walipozikataa baadhi ya picha zake kubwa, Courbet alijenga banda lake mwenyewe karibu na uwanja huo, akaliandika jina la Uhalisia na kutoza kiingilio. Watu hawakufurika, ila mfano ulikuwa umewekwa. Baadaye, kwa kushiriki katika Komuni ya Paris, serikali ya waasi iliyoushika mji huo mwaka 1871, alifungwa jela, kisha akadaiwa gharama za kuisimamisha upya nguzo ya Vendôme, iliyoangushwa na Komuni. Alikimbilia Uswisi na kufia huko siku ya mwisho ya 1877.

Uhalisia haukuwa wa Courbet peke yake. Jean-François Millet, mtoto wa wakulima wa Normandy, alihamia kijiji cha Barbizon, kando ya msitu wa Fontainebleau, na 1857 akaonyesha wanawake watatu wakiokota masuke yaliyosalia shambani baada ya mavuno. Migongo iliyoinama ya wanawake hao ina uzito ambao picha nyingi za vita hazikuupata. Théodore Rousseau na wenzake wa Barbizon waliipa mandhari heshima iliyonyimwa na Akademia.

Mwaka 1863 jopo lilikataa zaidi ya nusu ya picha zilizoletwa. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba Kaizari Napoleon III aliamuru zilizokataliwa zionyeshwe kando ili watu wajiamulie. Wengi walikuja kucheka. Waliloliendea zaidi ni turubai la Édouard Manet, “Chakula cha Mchana Nyasini”, ambamo mwanamke aliye uchi ameketi na wanaume wawili waliovaa suti za siku hizo, naye anamtazama mtazamaji bila haya. Uchi wenyewe ulikuwa umejaa Salon, mradi mwanamke aitwe Venus. Mwanamke wa Manet alikuwa wa Paris ya wakati ule. “Olympia”, iliyoonyeshwa 1865, ilizidisha hasira. Mwanamke aliyelala kitandani, malaya wa mjini bila kisingizio cha hekaya, ameletewa shada la maua na mtumishi mweusi. Mwanamke aliyechorwa kama mtumishi huyo aliitwa Laure, na Manet aliliandika jina na anwani yake katika daftari lake. Kwa zaidi ya karne moja wachambuzi walimpita kana kwamba hayumo, ingawa amechukua karibu nusu ya picha.

Wakati huohuo vifaa vya kazi vilikuwa vikibadilika. Rangi za mafuta zilikuwa zikihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, vilivyopasuka na kuharibika upesi, mpaka Mmarekani John Goffe Rand alipopata hataza ya tyubu ya bati mwaka 1841. Sasa mchoraji aliweza kubeba rangi mkobani na kumaliza picha nje, penye jua na upepo. Viwanda vya kemia vilileta rangi mpya za buluu, kijani na manjano, zilizo kali na za bei nafuu. Treni zilimfikisha mtu kutoka Paris hadi Argenteuil, ukingoni mwa mto Seine, kwa muda mfupi. Mwanakemia Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, alikuwa ameeleza 1839 jinsi rangi mbili zinavyobadilishana mwonekano zikiwekwa karibu. Na baada ya Japani kufungua bandari zake, picha zake za kuchapwa kwa mbao zilifika Paris na kuwaonyesha vijana kwamba kitu kinaweza kukatwa na ukingo wa picha, na kwamba kivuli si lazima.

Claude Monet, Auguste Renoir, Camille Pissarro, Alfred Sisley, Edgar Degas, Berthe Morisot na wenzao walichoka kungojea waamuzi. Desemba 1873 waliunda shirika lao, na tarehe 15 Aprili 1874 wakafungua maonyesho katika studio ya zamani ya mpiga picha Nadar, namba 35, boulevard des Capucines. Picha moja ya Monet, bandari ya Le Havre alfajiri katika ukungu, iliitwa “Impression, soleil levant” (Taswira, jua likichomoza), na mwandishi wa magazeti Louis Leroy akaligeuza jina hilo kuwa kejeli. Ndipo wakaitwa Waimpreshonisti. Mwisho wa mwaka hesabu zilionyesha hasara: kila mwanachama alidaiwa faranga 184 na nusu, na shirika likavunjwa. Hata hivyo maonyesho saba zaidi yalifuata hadi 1886, na ni Pissarro pekee aliyeshiriki yote manane. Morisot alikosa moja tu, na hilo lina uzito wake, kwa kuwa shule ya taifa ya sanaa haikuwapokea wanawake hadi 1897.

Waliungana katika kuonyesha kuliko katika kuchora. Monet aliweka rangi kwa mipigo mifupi, kivuli akikitia buluu au zambarau badala ya nyeusi, akakimbizana na mwanga kabla haujabadilika. Degas hakupenda kuchora nje hata kidogo. Wacheza dansi wake na wapiga pasi wako ndani, chini ya taa. Aliyewawezesha kula alikuwa mfanyabiashara wa picha Paul Durand-Ruel, aliyekutana na Monet na Pissarro London wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia vilivyoanza 1870. Alinunua kazi zao wakati karibu kila mtu alizikwepa, mara nyingine kwa kukopa, akaponea chupuchupu kufilisika. Maonyesho yake ya New York mwaka 1886 yaliwavuta wanunuzi wa Marekani. Monet, aliyekuwa ameomba fedha za kodi kwa marafiki, aliweza miaka michache baadaye kuionyesha Paris mfululizo wa picha 15 za marundo ya nafaka, kila moja katika saa na hali yake ya hewa.

Mwaka huo wa 1886 ndio pia uliodhihirisha kwamba kundi limemaliza kazi yake. Katika maonyesho ya mwisho, Georges Seurat alileta “Jumapili Alasiri Kisiwani Grande Jatte”, iliyojengwa kwa maelfu ya nukta za rangi, akitaka rangi zichanganyike machoni mwa mtazamaji. Alifariki 1891 akiwa na miaka 31. Vincent van Gogh, Mholanzi aliyefika Paris mwaka huohuo, aliondoka 1888 kwenda Arles, kusini, ambako manjano na kijani vilibeba hisia zaidi ya sura ya vitu. Alikufa Julai 1890. Paul Gauguin aliacha kazi ya soko la hisa, akachora kwa mabaka mapana yasiyo na kivuli, kisha 1891 akasafiri hadi Tahiti, koloni la Ufaransa. Picha zake za huko ni nzuri, lakini paradiso anayoionyesha ilikuwa imekwisha kuguswa na wamisionari na watawala, naye aliwaoa wasichana wadogo kwa kutumia nafasi aliyopewa na ukoloni huo.

Paul Cézanne alibaki Aix-en-Provence, akirudia mlima Sainte-Victoire na matofaa ya mezani. Kila pigo la brashi lake lina kazi ya kujenga, na meza huonekana kutoka pande mbili kwa pamoja bila picha kuanguka. Alikuwa amekataliwa na Salon karibu kila mwaka. Mwaka 1895 mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard alimfanyia maonyesho yake binafsi ya kwanza, akiwa na miaka 56, na 1907, mwaka mmoja baada ya kifo chake, onyesho kubwa la kazi zake Paris liliwafikia wachoraji vijana Picasso na Braque wakati walipolihitaji hasa.

Serikali yenyewe ilikuwa imejitoa katika Salon mwaka 1881 na kuwaachia wasanii. Gustave Caillebotte, mchoraji tajiri aliyewanunulia wenzake picha, alipofariki 1894 aliachia taifa mkusanyiko wake, na sehemu tu ndiyo iliyokubaliwa, Akademia ikipinga. Jina la pamoja la waliokuja baada ya Waimpreshonisti, yaani “Post-Impressionists”, lilitolewa London mwaka 1910 na mchambuzi wa sanaa Roger Fry, alipoandaa maonyesho ya Manet na waliomfuata. Kufikia wakati huo Seurat, Van Gogh, Gauguin na Cézanne wote walikuwa wamekwisha kufa.